Masaa Sita Kwenye Tiketi

Mume wangu anapima kila kitu. Nalisema mapema ili baadaye msije mkadhani namsingizia. Tepu haitoki shingoni mwake. Anaivaa asubuhi kabla hajavaa shati, na akijilaza mchana kidogo inabaki pale pale. Ameshapima mlango wa jirani bila kuombwa. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani kunichumbia, alimpima mama yangu mabega kwa macho tu, na wiki iliyofuata akarudi na koti lililomkaa mama kama amezaliwa nalo. Mama akasema ni huyu huyu, hatafutwi mwingine. Mimi nilikuwa sijafungua mdomo bado. Mtaani wanamwita Futi, na wako watu waliomjua miaka kumi hawajui kama ana jina jingine.

Mimi wananiita Redio. Sababu sitaieleza, mtaiona wenyewe.

Tuna duka la chumba kimoja, lenye mlango wa bati unaokunjwa kwenda juu. Katikati kuna meza ya kukatia, dirishani cherehani yake nyeusi ya kukanyaga, na kwenye kona cherehani ya umeme ambayo mpaka leo Futi haiamini. Ukutani tumetundika vipande vya karatasi vya kukatia nguo, kila kimoja kimeandikwa jina la mteja. Wengine wameshanenepa, wengine wamehama, wawili watatu wametangulia mbele ya haki, lakini vipimo vyao hatuvitupi. Yeye anakata na kushona. Mimi napiga pasi na kutia vifungo. Miaka ishirini na nane hakuna kifungo kilichotoka dukani kwetu bila kupita mkononi mwangu, na naomba hilo mlishike.

Kitu kingine: Futi hahesabu muda kama watu. Anahesabu kwa nguo. Kaptula ni saa moja. Suruali ni masaa mawili na nusu. Koti la suti, na mfuko wake wa ndani, ni masaa sita kamili. Mgeni akiuliza hospitali iko mbali kiasi gani kwa miguu, Futi anamwambia nusu kaptula, na mgeni anabaki kuduwaa mpaka mimi nitoke nimtafsirie. Nilipokuwa na uchungu wa kuzaa, mkunga alimuuliza uchungu umeanza lini. Akajibu, "Suruali mbili zilizopita." Mkunga akacheka mpaka akakaa chini, na mimi niko pale natoka jasho.

Sasa huyu mtu wangu ana hofu moja, na wengi wanaielewa vibaya. Wanadhani anaogopa kupanda juu. Siyo. Alipokuwa kijana alipanda juu ya paa la shangazi yake kuziba tundu, akaazima ngazi ya mpiga rangi aliyekuwa nyumba ya pili. Mpiga rangi akamaliza kazi yake, akaja akachukua ngazi bila hata kuinua macho, akaenda zake. Shangazi alikuwa sokoni. Futi akakaa juu ya paa toka asubuhi mpaka alasiri. Hakuanguka, hakuumia, hata jua siku hiyo halikuwa kali. Anasema kilichomtesa ni kimoja tu, kwamba hakujua atakaa pale mpaka lini. Wangemwambia utashuka saa tisa, angejinyoosha akalala usingizi.

Tuna mtoto mmoja, binti. Miaka tisa iliyopita alipata nafasi ya masomo kwenye mji ulioko mbali kabisa magharibi, huko ambako sisi tukimaliza kula cha mchana wao ndio kwanza wanapiga mswaki. Akasoma, akapata kazi, akakaa huko huko. Alipohitimu, miaka sita nyuma, alitutumia tiketi mbili. Tukaaga mtaa mzima, tukaenda uwanja wa ndege, tukafika kwenye ule mlango wa vioo unaojifungua wenyewe. Futi akasimama. Mlango ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. Akaniuliza, "Huko juu tutakaa mpaka lini?" Nikamwambia mpaka tufike.

Jibu la kijinga, nakiri. Lakini nilikuwa nimevaa viatu vipya vinanibana na foleni ilikuwa nyuma yetu. Futi akageuka na sanduku lake. Mimi nikamtazama, na namna nilivyomtazama siku ile sipendi kuikumbuka. Tukarudi nyumbani. Binti yetu akahitimu peke yake, akatutumia picha: yeye katikati amevaa joho, kiti kitupu kulia, kiti kitupu kushoto. Wiki tatu hakupiga simu. Ile picha Futi aliiweka kwenye droo ya vifungo, chini kabisa. Nani anafungua droo ya vifungo kila siku ya Mungu? Mimi.

Basi mwaka huu binti akapiga simu kusema anaolewa. Mchumba tulishamwona kwenye simu, kijana mwenye adabu, ana mabega mapana, Futi alishamkadiria suti siku ya kwanza. Binti akasema gauni atashona baba yake, hataki kusikia fundi mwingine. Futi akafurahi, akaanza kutaja vitambaa. Hapo binti akamkatiza kwa upole.

"Baba, gauni lisipokuja na wewe, usilitume. Nitavaa sketi yangu ya kazini, na ukumbini nitaingia mwenyewe."

Alisema kama utani. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, na nilisikia alivyomeza mate. Futi alishika simu muda mrefu baada ya kukatika. Halafu akachukua chaki akaanza kukata. Kuhusu kwenda hakusema ndiyo, hakusema hapana. Gauni likapanda siku baada ya siku kwenye mwanasesere wetu wa mbao asiye na kichwa: kiuno, bitana, mikono mirefu ya kitambaa chepesi, mgongo wazi unaosubiri vifungo toka shingoni mpaka chini ya kiuno. Nikawa nalipiga pasi huku nasema moyoni, zuri hivi, na huenda lisivuke hata hiyo barabara.

Tiketi nilikwenda kuchukua mwenyewe kwa wakala, binti mmoja mchangamfu mwenye kucha ndefu, anaandika kwa ncha za vidole utadhani anachambua mchele. Akanipa karatasi. Nikasoma: kuondoka saa nane mchana, kufika saa mbili usiku, siku hiyo hiyo. Nikamwambia, kumbe ni masaa sita tu! Yule binti akacheka, siyo kwa dharau.

"Hapana, mama. Saa ya kuondoka ni ya hapa kwetu, saa ya kufika ni ya kule kwao. Wale wako nyuma yetu masaa saba. Hewani mtakaa masaa kumi na tatu."

Kumi na tatu. Makoti mawili na kaptula. Nikashukuru, nikatoka, na njia nzima nikawa najifundisha jinsi ya kumwambia. Nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena. Nilipofika dukani Futi alifuta chaki mikononi, akaichukua tiketi, akailaza juu ya meza ya kukatia na kuinyoosha kwa viganja. Kisha akaweka tepu pembeni na kuanza kusogeza kidole kwenye namba, inchi moja saa moja. Nane mpaka tisa. Tisa mpaka kumi. Akafika.

"Sita," akasema. "Koti moja." Akageuka kulitazama lile gauni. "Koti moja naweza kukaa."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mtanilaumu, na mna haki. Yeye aliona tiketi imenunuliwa hapa, basi saa zote ni za hapa, kwani kitambaa kilichopimwa kwa yadi dukani hakigeuki mita njiani. Na mimi niliona uso wa mtu ambaye kwa miaka sita amekuwa akifungua mdomo kumwomba mwanawe msamaha na kushindwa, na sasa amepata njia. Ningemwambia kumi na tatu, angerudi kwenye ule mlango wa vioo. Nikauma ulimi. Redio ikazimwa.

Siku kumi na tisa. Hamjui nilivyoteseka. Futi alimtangazia kila mteja kuwa safari ni koti moja tu, na mimi nasimama nyuma na pasi ya moto nimefyata mdomo. Nilikuwa nakwenda uani nazungumza na kamba ya nguo. Nilimpigia binti nikamwonya asiropoke kuhusu masaa. Akasema, "Mama, wewe ndiye unayetunza siri?" Akacheka mpaka nikakata simu. Hata hivyo aliahidi.

Mtu niliyemwogopa zaidi ni mwalimu wa jiografia wa shule ya jirani, mteja wetu wa siku nyingi. Alileta suruali ya kupunguzwa kiuno, Futi akamwambia habari ya masaa sita, na nikaona kabisa mwalimu anavuta pumzi ya kufundisha. Nilimkanyaga mguu. Nikamwomba anisaidie kubeba maji, nikamtoa nje na kumweleza. Yule bwana ni mkweli kupita kiasi. Alisema kudanganya hatadanganya, ila kama hakuulizwa hatajibu. Nikasema hilo linanitosha.

Siku tatu baadaye naingia dukani namkuta Futi amekaa na tufe la dunia la shule mapajani, amelizungushia tepu. Nikamuuliza anafanya nini, akasema ameliazima kwa mwalimu, anataka kuona njia. Akanionyesha. Kwenye ramani ya ukutani, akasema, ukivuta mstari kutoka kwetu mpaka kwa mtoto unapita hapa katikati, na ni mrefu. Lakini ukilaza tepu kwenye tufe lenyewe inapanda juu kidogo, inapinda, na hiyo ndiyo fupi. Alifurahi huyo! Akasema ni jambo lile lile la mkono wa koti: ukiukata ukitazama meza utakosea, maana bega si meza, bega ni mviringo. Alipita nyumba tatu kuwaeleza majirani kwamba marubani na mafundi cherehani ni watu wamoja. Mimi nikapumua. Nikaona bora anaongelea ufupi.

Kilichotugombanisha ni vifungo. Gauni lilikuwa limekamilika, limebaki pindo la chini ambalo lazima binti asimame na viatu vyake, na vile vifungo vya mgongoni, vidogo, vimevikwa kitambaa kile kile, sitini. Nikatoa sindano yangu. Futi akasema niviache. Nikauliza niviache kwa nini, akasema hivi atashona mwenyewe. Lini? Akasema atajua. Mimi nikawaka. Miaka ishirini na nane vifungo ni kazi yangu, natia vifungo vya makoti ya watu nisiowajua, halafu gauni la mwanangu wa kumzaa naambiwa niviache? Nilisema mengi siku hiyo, na mengine hayakuhusu vifungo. Yeye akavihesabu kimya kimya, akavitia kwenye kopo la peremende, akafunga kifuniko. Siku mbili nilimpa chakula bila kumkaribisha.

Siku ya safari tulifika kwenye ule mlango wa vioo. Nilikuwa nimembebea begi la gauni, kwa kuwa nilitaka mikono yake iwe huru kama atataka kunishika. Mlango ukafunguka. Akasimama. Ukajifunga. Sikumtazama, nilitazama viatu vyangu, safari hii vya zamani. Nikasikia anasema taratibu, "Mpaka saa mbili." Akaingia. Nikamfuata roho iko juu. Wakaguzi walimnyang'anya mkasi wake mdogo, sindano wakamwachia, na tepu wakaicheka, wakamrudishia.

Ndani ya ndege kazi yangu ndiyo ilianza. Mbele ya kila kiti kuna kioo, na kwenye kioo kindege kinatambaa juu ya ramani, na chini yake yameandikwa masaa yaliyobaki. Nilikuwa na mtandio. Nikautandaza juu ya kioo chake na changu nikisema mwanga unaniumiza macho. Rubani akaanza kutangaza safari, nami nikajua atataja muda, nikashikwa na kikohozi ambacho sijawahi kukisikia hata kwa mgonjwa. Nilikohoa mpaka rubani akamaliza lugha zote mbili. Futi akaniletea maji mdomoni. Kisha akapima kiti chake upana, sentimita arobaini na tatu, akatikisa kichwa, akakaa kama anavyokaa kwenye cherehani.

Nilimchunguza saa baada ya saa. Alikula. Alilala kidogo. Aliona mhudumu ana kifungo kinachoning'inia kwenye kizibao, akamwomba, akakikaza, na tangu hapo chai haikukatika kwenye mstari wetu. Saa kumi na mbili ilipita. Saa moja ikapita. Na jua, jamani, halikutaka kuzama. Tulikuwa tunalifuata, nalo liko pale pale dirishani, linang'aa. Nikashusha kile kifuniko cha dirisha, lakini abiria wa upande wa pili wakaacha cha kwao wazi. Saa ya mkononi mwa mume wangu ilisema saa mbili kasoro dakika tano usiku, na ndege nzima imejaa mwanga wa alasiri.

Nikafikiria yule kijana juu ya paa, hana ngazi, hajui mpaka lini. Mimi ndiye niliyeichukua ngazi safari hii, tena kwa kukusudia. Nikaona siwezi.

"Mzee," nikamwambia, "nina neno."

"Sema."

Nikasema. Nilimwaga yote, wakala na kucha zake, saa za kule na saa za hapa, mwalimu, mtandio, kikohozi. Nikamwambia hatufiki saa mbili hii, tumebakiza masaa saba mazima, na kosa ni langu, mtoto hana kosa. Nikamwomba asisimame. Nikamshika mkono nikaubana, maana nilidhani atasimama.

Futi alitazama saa yake mpaka mshale ukagusa mbili kamili. Akanitoa mkono polepole. Akainama, akavuta begi la gauni kutoka chini ya kiti, akautoa mgongo wa gauni tu na kuulaza mapajani juu ya shuka safi. Kisha akatoa mfukoni lile kopo la peremende.

"Kifungo kimoja dakika ngapi?" akaniuliza.

"Saba," nikasema. Nani atajua kuliko mimi?

"Viko sitini."

Mimi si mtu wa hesabu, lakini hiyo niliipiga pale pale na midomo inanicheza. Dakika mia nne na ishirini. Masaa saba. Sita ya kwenye tiketi, saba ya kwenye kopo.

Nikamwambia, "Ulijua." Akawa anatunga uzi. Akasema tufe la mwalimu kiunoni lina sentimita themanini, na dunia yenyewe kiunoni ina kilomita elfu arobaini. Hilo alimuuliza mwalimu. Basi kila sentimita ni kilomita mia tano. Toka kwetu mpaka kwa mtoto tepu ilisoma ishirini na tatu na nusu. Akamuuliza mwalimu jambo la pili tu, ndege inakwenda kilomita ngapi kwa saa, akaambiwa kama mia tisa. Kumi na tatu. Mwalimu wa watu hakuvunja ahadi, alijibu alichoulizwa. Futi alisema siku ile ile alirudi kwenye tiketi akaona ilivyokaa, akacheka peke yake, akaenda kuvihesabu vifungo.

Nilitaka kukasirika. Siku kumi na tisa nazungumza na kamba ya nguo! Nikamuuliza mbona hakuniambia kama anajua. Akashona kifungo cha kwanza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akajibu.

"Ningesema kumi na tatu mbele yako, ungenitazama tena kama ulivyonitazama pale mlangoni. Muda nilishaupima, nauweza. Yale macho siyawezi."

Nilitoa mtandio kwenye vioo, tukakitazama kile kindege kinavyotambaa, nikamshikia kopo asimwage vifungo. Kila alipomaliza kimoja nilimpa kingine. Mhudumu alikuja akachungulia, akaenda akawaita wenzake, na mpaka tunafika kifungo cha thelathini, mstari mzima ulikuwa unajua binti yetu anaolewa Jumamosi. Hilo nilitangaza mimi. Masaa sita ya mwanzo nilikuwa nimekaa kimya, mnataka nipasuke?

Jua likazama hatimaye, taa za mji zikaonekana chini. Futi alikuwa amemaliza cha hamsini na tisa, anachovya kidole kwenye kopo kutafuta cha mwisho, mara magurudumu yakagusa ardhi. Watu wakapiga makofi. Futi akatazama saa yake, uso umekunjamana. Ndege ilikuwa imewahi kwa dakika saba. Alikasirika kweli kweli. Alipokuwa anatoka alimwambia mhudumu amfikishie rubani kwamba mtu akiahidi mteja saa fulani, basi iwe saa ile.

Binti alikuwa amesimama kwenye vyuma vya kusubiria. Alituona kabla hatujamwona, maana nilisikia "Baba!" na ukumbi mzima ukageuka. Alimkumbatia baba yake na ile tepu shingoni, akamng'ang'ania, na Futi akawa anampapasa mgongo toka begani mpaka kiunoni. Nilidhani anambembeleza. Akaniambia kwa mdomo tu, juu ya bega la mtoto, kwamba amepungua sentimita mbili.

Gauni lilipunguzwa kiuno, pindo likashonwa. Kile kifungo kimoja kilibaki kwenye kopo. Nilimkumbusha Jumatano, nikamkumbusha Ijumaa, akasema atajua. Asubuhi ya Jumamosi binti alivaa, akatugeuzia mgongo mbele ya kioo. Futi akafunga vifungo kuanzia chini, kimoja kimoja, hamsini na tisa, akafika shingoni pale palipo wazi. Akatunga sindano. Kisha akanigeukia akanipa.

"Vifungo ni kazi yako," akasema.

Nikachukua sindano. Binti aliinamisha kichwa ili nione vizuri, na baba yake akashika nywele zake pembeni. Kifungo kile kilinichukua dakika ishirini na tano, maana macho yalikuwa yamejaa na uzi nilikuwa siuoni. Futi aliniacha. Hakutazama saa hata mara moja.